Kuipeleka familia London kutazama Arsenal: mwongozo kamili, kuanzia tiketi hadi kurudi nyumbani

Familia nyingi zinapoota safari ya Uingereza huanza na bei ya ndege. Hapo ndipo mambo huharibika. Ndege zipo kila siku, hoteli zipo maelfu, lakini viti vinne vilivyo pamoja katika uwanja wa Emirates ni vigumu kuvipata, na tarehe ya mechi yenyewe inaweza kusogezwa ukiwa umeshalipia kila kitu. Safari ya mpira hupangwa kuanzia kiti cha uwanjani kurudi nyuma. Na ikiwa ni ya familia, hupangwa kwa kumfuata mtoto mdogo kuliko wote: miguu yake, usingizi wake, tumbo lake.

Nimeichukua Arsenal kama mfano kwa sababu mashabiki wake wamejaa kuanzia Kariakoo hadi Kisumu, na kwa sababu uwanja wake unafikika kirahisi mno kutoka uwanja wa ndege wa Heathrow. Hatua ni karibu zilezile kwa anayekwenda viwanja vya Anfield, Old Trafford au Stamford Bridge. Maelezo ya viza yanamhusu zaidi mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo. Ndugu zetu wa Muscat wenye pasipoti ya Oman, na wale wenye pasipoti za Marekani, Kanada au nchi za Umoja wa Ulaya, wao huomba kibali cha kielektroniki kwa simu, si viza, na wanaweza kuruka hatua ya tatu.

Hatua ya kwanza: chagua majira, usichague mechi

Msimu huanza Agosti na kuisha Mei. Likizo ndefu ya Juni ya shule za Tanzania haina ligi, kwa hiyo inabaki Desemba, au likizo fupi za katikati ya muhula. Kwa watoto wa Kenya, Agosti, Novemba na Desemba zinafaa, na Aprili pia.

Desemba ina raha yake, kwa kuwa mechi hufuatana karibu karibu. Ila kuna mambo mawili ya kujua mapema. Tarehe 25 Desemba London husimama kabisa: hakuna treni ya chini ya ardhi, hakuna basi la jiji. Familia iliyofika siku hiyo itategemea teksi kwa bei ya sikukuu. Pili, mechi za tarehe 26 si za uhakika kama zamani. Mwaka 2025 Ligi Kuu ya England ilicheza mechi moja tu siku hiyo.

Ratiba ya msimu hutolewa mwezi Juni, lakini ichukulie kama rasimu. Baadaye vituo vya televisheni huchagua mechi zao, na mechi iliyoandikwa Jumamosi saa tisa alasiri huhamia Jumapili au hata Jumatatu usiku. Klabu ikisonga mbele katika kombe, tarehe husogea tena. Ndiyo maana nashauri uchague wiki, si siku. Fika Alhamisi, ondoka Jumanne au Jumatano inayofuata. Mechi ikiangukia siku yoyote kati ya Ijumaa na Jumatatu, bado mko mjini.

Msichanganyikiwe na saa. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Oktoba hadi Jumapili ya mwisho ya Machi, London iko nyuma ya Tanzania, Kenya na Uganda kwa saa tatu. Miezi mingine ni saa mbili. Ile mechi mliyozoea kuitazama nyumbani saa kumi na mbili jioni wakati wa baridi, kule inaanza saa tisa alasiri, na kwenye tiketi imeandikwa 15:00.

Hatua ya pili: tiketi, na hapa msiwe na haraka

Arsenal huuza tiketi za mechi za ligi kwa wanachama. Kila atakayekaa kwenye kiti anahitaji uanachama wake, mtoto akiwemo, na watoto wana uanachama wao wa bei nafuu. Lipieni mwanzoni mwa msimu, kisha unganisheni akaunti za wanafamilia ili muombe tiketi kwa pamoja. Kwa wanachama wa kawaida tiketi hutolewa kwa droo. Ukikosa droo, kuna sehemu rasmi katika tovuti ya klabu ambako wenye tiketi za msimu huviachia viti vyao wasipoweza kufika. Huko hupatikana kiti kimoja kimoja au viwili, mara chache vinne kwa pamoja. Kwa hiyo kubalianeni kabla: mko tayari kugawanyika, mama na mtoto mmoja huku, baba na mwingine kule? Kama watoto wamevuka miaka kumi, gawanyikeni bila wasiwasi. Kama kuna wa miaka mitano, subirini viti vya pamoja.

Njia nyingine halali ni vifurushi vya hadhi vinavyouzwa na klabu yenyewe, vyenye kiti na chakula. Havihitaji uanachama, lakini bei ya kimoja inaweza kukaribia nauli ya ndege ya mtu mmoja. Kwa familia ya watu wanne ni mzigo mzito. Mimi ningeiacha hela hiyo itazame mechi tatu.

Walanguzi waogopeni. Kuuza tiketi ya mpira bila idhini ni kosa la jinai Uingereza tangu sheria ya mwaka 1994. Anayekuuzia kupitia mtandao wa kijamii au mlangoni mwa stesheni anaweza kukupa tiketi iliyokwisha kufutwa na klabu, na utaigundua geti likikataa kufunguka, watoto wameshavaa jezi. Hakuna wa kumlalamikia hapo.

Sasa nisemalo kwa moyo wote: kateni pia tiketi za Arsenal ya wanawake. Tangu msimu wa 2024/25 Emirates ndiyo makao yao makuu. Ni uwanja uleule, nyasi zilezile, jezi ileile, na timu hiyo ni bingwa wa Ulaya wa 2025, iliyoifunga Barcelona 1-0 Lisbon. Tiketi ni za bei ndogo zaidi, viti vinne vya pamoja hupatikana, na umati wake una watoto wengi kuliko mechi za wanaume. Kama una binti anayecheza mpira shuleni, mechi hii inaweza kuwa ndiyo kubwa kwake kuliko ile nyingine. Kwa familia yenye watoto wadogo ningeifanya iwe nguzo ya safari, na mechi ya wanaume iwe bahati ikipatikana.

Nyongeza ya tatu ni klabu ndogo. Leyton Orient, mashariki mwa London, ina uwanja wa watu wapatao elfu tisa. Mko karibu na mstari kiasi cha kumsikia kipa akiwapanga mabeki wake, na tiketi hununuliwa bila droo. Watoto waliozoea mpira wa kwenye runinga hushangaa wanaposikia mgongano wa miili.

Hatua ya tatu: pasipoti na viza

Kila mtoto awe na pasipoti yake. Angalieni zisiwe zinakaribia kuisha.

Viza mnayoomba ni ya mgeni wa kawaida, inayoruhusu kukaa hadi miezi 6. Maombi hujazwa kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, kila mtu fomu yake, na ada ni zaidi ya pauni 120 kwa kila kichwa. Mtoto analipiwa sawa na mkubwa, na viza ikikataliwa ada hairudi. Mnaweza kuomba miezi 3 kabla ya safari, si mapema zaidi. Baada ya kujaza mtakwenda kituo cha maombi kupiga picha na kutoa alama za vidole. Mtoto wa chini ya miaka 5 hupigwa picha tu. Jibu kwa kawaida hutoka ndani ya wiki 3, lakini msimu wa likizo jipeni nafasi zaidi.

Ofisa anayesoma maombi yenu hana shida na upenzi wenu wa Arsenal. Anajiuliza mambo mawili: hela ya safari imetoka wapi, na mtarudi? Andaeni majibu kwa karatasi. Taarifa ya benki ya miezi 6, yenye mshahara au mauzo yanayoingia kwa mtiririko wa kawaida. Milioni kumi iliyotua kwenye akaunti wiki moja kabla ya maombi huzua maswali. Kama ni kweli umeuza kiwanja, weka mkataba wa mauzo. Barua ya mwajiri inayotaja cheo, mshahara na tarehe za likizo. Mfanyabiashara aweke usajili wa biashara (kwa Tanzania ni wa BRELA), leseni na uthibitisho wa kodi kutoka mamlaka ya mapato, kama TRA. Barua ya shule inayoonyesha tarehe ya muhula kufunguliwa ni karatasi ndogo yenye uzito, maana inaonyesha watoto wanasubiriwa darasani. Wekeni vyeti vya kuzaliwa na cha ndoa. Karatasi yoyote iliyo kwa Kiswahili pekee iambatane na tafsiri kamili ya Kiingereza yenye jina na sahihi ya mfasiri.

Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja, shangazi au babu awe na barua ya idhini ya mzazi aliyebaki, pamoja na nakala ya kitambulisho chake. Hata kama ndoa ina amani, barua hiyo iwepo. Askari wa uhamiaji ana wajibu wa kuuliza.

Tiketi ya mechi si sharti la viza. Eleza tu kwa ukweli: tunakwenda kutembea London kwa siku saba, kutazama mpira na kutembelea viwanja. Jihadharini na wakala anayesema ana mtu ndani au anayetaka kuwatengenezea taarifa ya benki. Nyaraka za kughushi zinaweza kuwafungia mlango wa Uingereza kwa miaka 10. Na kama mtu aliwahi kunyimwa viza popote, aseme. Kuficha ni kosa kubwa kuliko kunyimwa.

Hatua ya nne: ndege na malazi

Lipieni ndege baada ya viza kutoka, na ikiwezekana baada ya televisheni kuthibitisha tarehe ya mechi. Kutoka Dar es Salaam mnaweza kupita Doha, Dubai, Istanbul au Addis Ababa. Kutoka Nairobi kuna ndege za moja kwa moja hadi Heathrow. Kwa watoto wadogo napendelea kusubiri saa tatu au nne pale mnapobadilishia ndege kuliko saa moja na nusu ya kukimbizana. Na mkifika asubuhi, msipange mechi siku hiyohiyo. Mtoto aliyesinzia kipindi cha pili ni hasara ya tiketi.

Malazi tafuteni kando ya njia ya treni iitwayo Piccadilly. Inatoka Heathrow, inapita Hammersmith, Earl's Court na King's Cross, kisha inafika stesheni ya Arsenal bila kubadilisha treni hata mara moja. Ukiwa na masanduku na watoto, kutobadilisha treni kuna thamani kuliko hoteli yenye nyota nyingi. Vyumba vya London ni vidogo, na chumba cha familia mara nyingi huchukua wakubwa wawili na watoto wawili. Mkiwa watano au zaidi, nyumba ya kupanga kwa siku yenye jiko itawaokoa, kwa sababu ugali wa nyumbani jioni hupunguza gharama na manung'uniko.

Kuzunguka jiji ni rahisi kuliko inavyosimuliwa. Kila mkubwa agonge kadi yake ya benki getini, kadi moja kwa mtu mmoja. Watoto chini ya miaka 11 husafiri bure kwenye treni ya chini ya ardhi wakiwa na mkubwa aliyelipa. Wa miaka 11 hadi 15 mnunulieni kadi ya nauli iitwayo Oyster, kisha mwombeni mhudumu wa stesheni aiwekee punguzo la vijana wageni, na atalipa nusu ya nauli. Mabasi hayapokei fedha taslimu. Ijulisheni benki yenu kabla hamjaondoka ili kadi isifungwe mkiwa njiani.

Makoti nunueni hapa kabla ya kuondoka. Mitumba ya Karume au Gikomba ina makoti mazito yaliyotengenezwa kwa baridi ileile mnayokwenda kukutana nayo, kwa sehemu ndogo ya bei ya London. Muhimu ni soksi nene, glovu na kofia. Kukaa kwenye kiti kwa muda wa saa mbili mwezi Desemba kunaumiza vidole kuliko kutembea. Jezi ivaliwe juu ya sweta, ndani ya koti.

Bima ya safari msiikose. Mgeni hutibiwa dharura, lakini akilazwa bili inamfuata. Namba ya dharura ni 999.

Hatua ya tano: siku ya mechi

Pakueni tiketi kwenye simu mkiwa bado hotelini, simu zikiwa na chaji. Uwanjani hapapokelewi fedha taslimu, na mfuko mkubwa kuliko karatasi ya A4 hauingii, kwa hiyo begi la shule la mtoto libaki chumbani. Hata mtoto mdogo anahitaji tiketi yake. Someni pia kanuni za umri za klabu kabla ya kumpeleka anayenyonya.

Suala la jezi lina uzito kwa nyumba zetu, ambako baba ni Arsenal na kijana ni Manchester United, Mashetani Wekundu. Kule utani wa jadi una mipaka ya viti. Mashabiki wa timu ngeni hukaa sehemu yao, na mwenye jezi ya wageni akikaa upande wa wenyeji hutolewa nje, tiketi yake ikiwa halali kabisa. Mwelezeni kijana mapema, asije akaruka kushangilia bao la wageni katikati ya Washika Bunduki, yaani watu wa Arsenal. Pombe nayo, kwenye mechi za wanaume, hairuhusiwi mahali panapoonekana uwanja wa kuchezea, kwa sheria ya mwaka 1985, kwa hiyo mkiwa vitini hamtazungukwa na vikombe vya bia.

Fikeni saa mbili kabla ya mechi kuanza. Shukeni stesheni ya Arsenal, ambayo hadi mwaka 1932 iliitwa Gillespie Road. Kocha wa Arsenal wa wakati huo, Herbert Chapman, ndiye aliyepigania jina libadilishwe. Kabla ya kuelekea Emirates, geukeni kwanza Avenell Road. Ukuta wa mbele wa jukwaa la mashariki la Highbury, uwanja wa zamani wa klabu, bado umesimama palepale, ingawa ndani sasa ni makazi ya watu. Arsenal ilicheza hapo tangu 1913 hadi 2006. Msimamisheni mtoto mbele ya ule ukuta na mwambieni Thierry Henry, mshambuliaji wao wa zamani, alikuwa akiingilia wapi. Kisha fuateni umati, vukeni daraja la reli, na nje ya Emirates mtakuta sanamu yake Henry, ya wachezaji wengine wa zamani, Bergkamp na Tony Adams, na ya kocha Wenger.

Wanaoswali watapata msikiti wa Finsbury Park katika St Thomas's Road, mwendo mfupi kwa miguu, na mitaa ya jirani ina chakula cha halali tele. Mwezi Desemba jua huzama karibu saa kumi jioni, kwa hiyo kwa mechi ya saa tisa Magharibi inaingia karibu na mapumziko. Pangeni mapema.

Mwandikieni kila mtoto namba ya simu ya mzazi mkononi kwa kalamu isiyofutika, na chagueni alama ya kukutania nje. Sanamu ya Henry inafaa. Ndani, mwonyesheni wahudumu wenye makoti ya rangi kali: akipotea aende kwa hao, si kwa mtu mwingine.

Kipenga cha mwisho kikilia, msikimbilie stesheni ya Arsenal. Foleni yake huwa ndefu na nyembamba, na mtoto atabanwa. Kaeni vitini dakika ishirini, pigeni picha, kisha tembeeni taratibu hadi Finsbury Park au Highbury & Islington.

Siku zinazobaki

Ziara ya ndani ya Emirates, vyumba vya kubadilishia nguo na njia ya kutokea wachezaji, ipangeni siku tofauti na ya mechi. Na msiache kwenda Wembley. Tarehe 1 Machi 2020, fainali ya Kombe la Ligi, Mbwana Samatta aliifungia Aston Villa kwa kichwa dhidi ya Manchester City. Villa walifungwa 2-1, lakini bao la Mtanzania limo katika kumbukumbu za uwanja ule, na mtoto wa Mbagala anastahili kuliona goli lenyewe kwa macho. Familia ya Kenya iende na uwanja wa Tottenham, klabu aliyoichezea Victor Wanyama kuanzia 2016, hata kama ni nyumbani kwa mahasimu.

Acheni siku moja isiyo na mpira kabisa, hasa kama mmoja wenu amefuata tu kwa mapenzi ya familia. Mpeni aichague yeye.

Mkirudi, hifadhini vipande vya pasi za kupandia ndege na nakala za viza. Viza inaruhusu hadi miezi 6, lakini msizidishe ovyo siku mlizozitaja kwenye maombi. Mliosema saba, rudini baada ya saba. Safari ya kwanza iliyokwenda sawasawa ndiyo karatasi yenye nguvu kuliko zote mtakapoomba ya pili.